Kituo Kisichofaa Watoto

4 Februari

Mama Kasuku,

Nimefika salama, nimekula, nimelala na sijaugua. Nimeyatanguliza hayo kwa sababu najua ndiyo utakayoyatafuta kabla ya kusoma lingine lolote. Simu za huku ni za kubahatisha na mtandao ukija huja kusalimia tu, kwa hiyo tuandikiane kwa mfuko wa ubalozi. Mfuko huondoka kila ndege inapopatikana, na anayeufunga kwa lakiri ni mhasibu wetu, mtu ambaye akinuna hata barua za Balozi hulala.

Nyumba nimepewa. Vyumba vitatu, ukuta mrefu, mlinzi mzee anayelala kwa zamu na mlinzi kijana anayelala bila zamu. Joto lipo, lakini ni joto la kawaida. Umeme hukatika kidogo, maji yanatoka. Shule pia ipo, ya watoto wa mabalozi na wa mashirika. Sijafika, ila wanaisifu. Kwa hiyo usikae kuwaza bure. Nenda Wizarani, Kitengo cha Masomo ya Watoto wa Watumishi, uwaone kuhusu kibali cha Kasuku kuja kuishi nami na kuanza sekondari huku. Bila kibali hicho hapandi ndege.

Vituo vya mazingira magumu, kama wanavyoviita, mtu hukaa miaka miwili tu. Ni kufumba na kufumbua. Na Kasuku wetu ameshazoea kuhama, kwake ni kama kubadili viatu. Nyumba hii ina mwangwi, mke wangu. Jana nilijikuta nikiongea na friji. Njooni upesi.

Mumeo,
Baba Kasuku
Mwambata wa Utawala (cheo kirefu, kiti kibovu)


17 Februari

Baba Kasuku,

"Joto la kawaida." Kawaida ya wapi? Vituo vitatu nimeishi nawe, na kila kimoja kilikuwa na joto la kawaida, kikiwemo kile ambacho mshumaa ulipinda mezani kabla hatujauwasha. "Umeme hukatika kidogo." Kidogo chako nakijua.

Hata hivyo nimekwenda. Niliomba ruhusa hospitali, dirisha la dawa nikamwachia msaidizi wangu, yule anayechanganya vidonge vya asubuhi na vya jioni, nikapanda ngazi za Wizara mpaka ghorofa ya mwisho, maana lifti imeandikwa "inatengenezwa" tangu kabla hujaajiriwa. Afisa Masomo ni bwana mmoja mwembamba, mezani kwake kila kalamu imelazwa ikitazama upande mmoja. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kibali cha mtoto hakitolewi mpaka mwenzi wa mtumishi asome ripoti rasmi ya kituo na atie sahihi kwamba ameisoma na ameielewa. Ripoti yenyewe huandikwa na ubalozi kila mwaka. Akasema ataniletea kwa posta. Nikamwambia, "Niko hapa mbele yako, nipe mkononi." Akasema utaratibu ni posta.

Mwanao nimemweleza. Nimemwambia tunakwenda kwa baba, miaka miwili, shule mpya, marafiki wapya. Akasema, "Sitaki." Nikamuuliza kwa nini. Akainua mabega. Huyu ndiye mtoto tuliyemwita Kasuku kwa kuwa alikuwa akiongea hata akipigwa mswaki! Sasa nalishwa neno moja asubuhi na jioni. Hebu mwandikie wewe, mimi nimechoka.

Mkeo,
Mama Kasuku


24 Februari

Kwa Mwenzi wa Mtumishi,

YAH: RIPOTI YA MAZINGIRA YA KITUO

Pamoja na barua hii unaletewa nakala ya ripoti ya kituo alichopangiwa mumeo, iliyopokelewa hivi karibuni kutoka ubalozini. Unaombwa kuisoma yote, hususan sentensi zilizopigiwa mstari na ofisi hii, ambazo ni:

"Hali ya hewa ni adui wa afya."

"Umeme ni mgeni wa heshima: haji, na akija hakai."

"Maji hutoka yakiwa na rangi ambayo watumishi bado hawajakubaliana jina lake."

"Nyoka wameonekana."

"Hakuna shule inayofaa watoto."

Kabla ya kuendelea, ofisi inapenda kujua iwapo bado unaomba mtoto wako apelekwe huko.

Wako katika utumishi,
Afisa Masomo


27 Februari

Baba Kasuku,

Nyoka?

Niliianza ripoti nikiwa nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Na usithubutu kuniambia imeandikwa na mwingine. "Hali ya hewa ni adui wa afya." Mwaka ule wa uchumba wetu, nani aliniandikia kwamba "umbali ni adui wa usingizi"? Hata upige chapa, ukatie na mihuri, mkono wako naujua. Niliolewa kwa sababu ya mstari ule, nitausahau vipi?

Sasa niambie nimwamini nani. Yuko mume anayeniandikia kwamba maji yanatoka, na yuko mwambata anayeiandikia serikali kwamba maji yanatoka na rangi. Mmoja wenu ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Na ukitazama tarehe, ni siku zile zile! Yaani ulimaliza kumsifia mkeo kituo, ukageuza karatasi, ukaanza kumlilia Waziri.

Kibaya zaidi niliiacha mezani, Kasuku akaisoma. Akairudisha pale pale, akaenda chumbani kwake na kufunga mlango. Umemtisha mtoto. Nijibu upesi, na safari hii uandike kama mtu aliyeapishwa.

Mama Kasuku


9 Machi

Mke wangu,

Naandika kama mtu aliyeapishwa. Sikiliza jinsi ripoti hizi zinavyoandikwa, maana nje ya ubalozi hakuna anayejua na ndani hakuna anayesema. Ripoti ndiyo inayopima posho ya mazingira magumu. Kituo kikilia sana, posho hupanda; kikinyamaza, hushuka. Basi kila mwaka ripoti ya mwaka uliopita hutolewa kabatini, kila mtu akatia chumvi yake, na mwambata wa utawala akanyoosha lugha. Nilipofika, kabla sijafungua hata sanduku, niliwekewa rundo mezani, na Balozi akaniambia, "Tunasikia una kalamu." Kichwa kikavimba. Nikanyoosha mpaka nikapitiliza.

Nyoka ni mmoja. Alikuwa barabarani, tena alikwisha kufa, na aliyemwona ni dereva, zamani hizo. Kila mwaka huongezewa ndugu. Rangi ya maji hutokea baada ya mvua kubwa, kisha husafika. Umeme kweli ni balaa, hapo sikuongeza kitu. Joto nalo ni balaa, kwako nilipunguza. Chukua barua yangu, chukua ripoti yangu, simama katikati: hapo ndipo ninapoishi.

Hilo la shule ndilo linaloniuma. Sikulitunga mimi. Lilikuwamo katika ripoti za zamani, za kabla shule haijafunguliwa, nami nikaliacha lipite kwa kuwa sentensi ilikuwa imenyooka tayari, haikuhitaji mkono wangu. Kesho nakwenda kuiona shule hiyo kwa macho yangu. Wewe tia sahihi tu, kibali kitoke.

Baba Kasuku


12 Machi

Kwa Mwambata wa Utawala,

YAH: KUPANDISHWA DARAJA KWA KITUO

Hongera. Wizara imeisoma ripoti yenu kwa masikitiko makubwa na imekipandisha kituo mpaka daraja la juu kabisa la ugumu. Posho za watumishi wote zitarekebishwa kuanzia mwezi ujao.

Kwa daraja hilo, kituo chenu sasa ni Kituo Kisichofaa Watoto. Ombi la mwanao kuishi nawe limefungwa. Serikali, kwa kujali, inakupa njia tatu. Mtoto anaweza kupelekwa shule ya bweni katika nchi ya tatu, kwa gharama ya serikali, kwa muda wote utakaokuwa kituoni. Anaweza kubaki nyumbani na mama yake au mlezi. Au anaweza kusoma kwa njia ya posta, mradi asiwe kituoni. Njia ya nne haipo.

Tafadhali chagua kabla ya mwisho wa mwezi ujao.

Wako katika utumishi,
Afisa Masomo


23 Machi

Ndugu Afisa Masomo,

Barua yako ilisomwa mbele ya watumishi wote. Walinibeba juu juu. Mhasibu alinikumbatia, mtu ambaye hajawahi kunipa hata mkono. Balozi aliagiza soda kwa kila meza. Mimi ndiye pekee katika jengo zima mwenye mtoto wa kuja kusoma huku. Wa wengine wamekua au wako bweni. Nilikunywa soda ile nikijua kwamba nimemfungia mwanangu mlango kwa kalamu yangu mwenyewe.

Naomba mnielewe. Shule ipo. Nimekwenda, nimekaa kwenye dawati lake, magoti yakanifika kidevuni. Ile sentensi ni ya zamani na ilipaswa kufutwa.

Kuhusu njia zenu tatu: mtoto bweni katika nchi ya tatu, mama yake nyumbani, mimi huku. Watu watatu, nchi tatu. Hiyo si familia, Ndugu Afisa, hiyo ni umoja wa mataifa. Sitaki mtoto wa kuletewa maendeleo yake kwa barua kila muhula. Nataka mtoto ninayemwona akila, ninayemkemea kwa kuacha mlango wazi. Tafadhali lifungueni tena ombi langu.

Mwambata wa Utawala


30 Machi

Ndugu Mwambata,

Ofisi hii imepokea barua yako, imeilaza kando ya ripoti yako, na imepata shida kuamini kwamba mwandishi ni mmoja. Katika ripoti, hakuna shule. Katika barua, umekaa kwenye dawati la shule hiyo isiyokuwapo.

Nikueleze kwa upole, ingawa upole wangu unakaribia kuisha. Kituo hakiwezi kuwa jehanamu kwa ajili ya posho na bustani kwa ajili ya mtoto. Kila mwaka napokea maombi ya namna hii kutoka vituo vingi, na kila mwombaji anataka nifumbe jicho moja tu. Nimebakiwa na mawili, nayahitaji yote.

Ukimchagua mtoto, leta ripoti mpya inayosema ukweli mtupu, yenye sahihi yako na ya Balozi. Ningekutumia mfano wa ripoti kama hiyo uuige, lakini katika muda wote niliokaa kwenye kiti hiki haijawahi kuletwa hata moja.

Afisa Masomo


14 Aprili

Mke wangu,

Nimeiandika. Kazi ngumu kama hii sijawahi kuona. Kusema uongo kwa lugha nzuri ni rahisi. Kusema "joto ni kali lakini nyumba zina feni" kulinitoa jasho kuliko joto lenyewe. Nyoka nimemweka kama alivyo, mmoja, marehemu.

Balozi alikataa kutia sahihi. Aliniuliza, "Unajua unawatia wenzako hasara?" Nikasema najua. "Na mimi pia?" Nikasema na wewe pia, mheshimiwa. Akanifukuza. Kesho yake nikarudi, nikafukuzwa. Siku ya tatu aliniuliza mtoto ana umri gani. Nikamwambia kumi na miwili. Yeye ana wanne, wote walikulia bweni, na sasa wanampigia simu siku za sikukuu na kumwita "mzee" kama watu wa benki. Hakunieleza hayo yeye, nimeelezwa na dereva. Alitia sahihi bila kuniangalia, akasema nifunge mlango nikitoka.

Tangu hapo nimekuwa mkoma. Chai ya saa nne inafika meza zote, yangu inarukwa. Mhasibu ameniambia mfuko umejaa, barua zangu hazitoshi. Mfuko wenyewe nauona umelala chini kama puto lililotoka upepo. Barua hii na ile ripoti nimezipeleka uwanja wa ndege mwenyewe na kumkabidhi rubani.

Sasa shule, bila chumvi na bila sukari. Ni nyumba ya kawaida nyuma ya tangi la maji, imetobolewa ukuta ili vyumba viwili viwe darasa moja. Maabara ilikuwa jiko, tindikali wanaipima juu ya sinki. Vitabu vimevimba kwa unyevu. Mwalimu wa hesabu ndiye pia wa muziki, na hana chombo cha kupiga, anapiga meza. Mwalimu mkuu ni mama mmoja mnene wanayemwita Mama Kengele kwa sababu umeme ukikatika huzunguka na kengele ya mkono, na umeme hukatika kila siku. Wana kidato cha kwanza mpaka cha nne. Cha kwanza kitakuwa na watoto wasiozidi vidole vya mkono mmoja na nusu. Lakini nilipoingia walikuwa wakibishana kwa nini barafu huelea, kila mmoja na lafudhi yake, na mwalimu amekaa pembeni anawaacha wabishane. Mama Kengele anajua kila mtoto hapendi nini na mama yake anafanya kazi wapi. Nilitoka pale nikiwa na furaha, mke wangu. Mwambie Kasuku hivyo.

Baba Kasuku


26 Aprili

Baba Kasuku,

Hii nimeiamini. Nimeijua kwa jinsi ilivyokosa madaha. Na hilo la Balozi lilinifanya niache kukukasirikia kwa muda wa kama nusu saa.

Lakini huku nyumbani maji yamenifika shingoni. Dada yako amekuja na vijitabu vya shule ya bweni, karatasi za kung'aa, watoto wamepanda farasi. "Wifi, serikali inalipa, nyinyi mnakataa mkiwa mmerukwa na akili?" Nikamwambia kama ni farasi, apande yeye. Tukanuniana mbele ya chakula. Kasuku akafungua kijitabu, akauliza, "Nitakaa hapa mpaka lini?" Shangazi yake akamjibu, "Mpaka baba atakapohamishwa." Akakifunga. "Sitaki."

Nikamsomea barua yako yote, barafu, sinki, Mama Kengele. Alicheka! Nikasema sasa tumepata. Kisha akaniuliza, "Ni miaka miwili?" Nikamwambia ndiyo, miwili tu, itakwisha hata hajajua. Akasema, "Basi sitaki." Yaani hata miwili ni mingi kwake! Ile ripoti yako ya nyoka imemwingia mpaka kwenye mifupa, na wewe unaniambia nimtie moyo. Kwa nini mimi?

Nimefikiri na nimeamua. Siwezi kumburuta mtoto mpaka mlango wa ndege. Kibali kikija, nitajaza karatasi ya kukataa kufuatana nawe, tutakusubiri hapa hiyo miaka miwili. Usininunie. Ulianza kutudanganya wewe, na sasa ukweli umechelewa kufika.

Mama Kasuku


8 Mei

Kwa Mwambata wa Utawala,

YAH: KIBALI CHA MTOTO

Ripoti mpya imepokelewa. Kituo kimeshushwa daraja na posho za watumishi zitarekebishwa. Kituo kinafaa watoto. Kibali cha mwanao kimetolewa.

Unakumbushwa kwamba muda wa miaka miwili ni wa vituo vya mazingira magumu peke yake. Kituo kinachofaa familia hutumikiwa miaka minne. Sharti hili linawahusu watumishi wote wa kituo kuanzia tarehe ya barua hii, nalo halibadiliki iwapo familia itakuja au haitakuja.

Nje ya utaratibu: ripoti yako nimeisoma zaidi ya mara moja. Kwa nyoka marehemu nilicheka peke yangu ofisini, mpaka mhudumu akaja kuuliza kama niko salama.

Afisa Masomo


20 Mei

Mke wangu,

Barua yako na ya Afisa Masomo zimefika katika mfuko mmoja. Moja inasema njooni, nyingine inasema hatuji. Niliisoma ya Afisa kwanza, nikaruka kwa furaha mpaka aya ya pili.

Minne! Nimepigania mwanangu aje, nimefanikiwa asije, na juu yake nimeongezewa kifungo. Ningenyamaza na uongo wangu, mwaka kesho kutwa ningekuwa sebuleni kwangu. Hakuna adui aliyenifanyia hivi. Nimejifanyia mwenyewe, kwa lugha nzuri, mara mbili.

Wenzangu nao wamesikia. Mhasibu alikuwa amebakiza miezi michache arudi nyumbani, masanduku ameshafunga. Alikuja ofisini kwangu na sanduku moja, akalifungua mbele yangu, akaanza kutoa shati moja moja na kuliweka mezani kwangu. Nami nikakaa nikiyakunja. Ningefanya nini?

Usimlazimishe Kasuku. Kama miwili ilimtisha, minne usimtajie kwa ubembelezi wowote, mwambie tu ndivyo ilivyo. Kaeni. Nitakuja likizo kila mwaka. Nikimaliza atakuwa na miaka kumi na sita, nitamkuta binti mzima anayeniamkia kwa adabu na kuniuliza kama safari ilikuwa njema. Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko joto na umeme na mhasibu. Nina hasira, Mama Kasuku, na mtu wa kumkasirikia sina.

Baba Kasuku


1 Juni

Baba Kasuku,

Kaa kitako kwanza.

Barua yako niliisoma mezani kwa sauti, tena sauti ya ugomvi, ili dada yako asikie kaka yake anavyoteseka. Nilipofika kwenye "minne," Kasuku akaweka kijiko chini. "Minne?" Nikamwambia ndiyo, baba yako amejitia kitanzi. "Minne ya kweli? Haitapunguzwa?" Nikamwambia Wizara haijawahi kumpunguzia mtu kitu ila mshahara. Akainuka, akaniachia vyombo vyote. Alirudi na karatasi ameikunja mpaka imekuwa ndogo kama kidonge, akasema ni ya baba. Nimeisoma. Mimi ni mama yake, si tarishi.

Nimeiweka ndani ya hii. Mimi nilipomaliza kuisoma nililia, kisha nikaudhika, kwa sababu tumekaa miezi minne tukiandikiana juu ya mtoto huyu, wewe na mimi na serikali nzima, na yeye yuko chumba cha pili.

Karatasi ya kukataa nilikuwa nimeshaipeleka. Leo nimepanda ngazi zile zote tena kuifuata. Afisa Masomo aliitoa kwenye jalada akaichana mbele yangu, vipande vikatoka sawasawa. Hospitali wamenikubalia likizo bila malipo. Dirisha nimemwachia yule msaidizi, Mungu awasimamie wagonjwa. Kwa hiyo tunakuja. Ila usifikiri nimekusamehe. Nakuja na hasira zangu zote, nina miaka minne ya kuzimaliza.

Mkeo,
Mama Kasuku


1 Juni

Baba,

Shikamoo. Mama anasema niliogopa nyoka. Sikuogopa. Ile ripoti ilinichekesha, nikaenda kucheka chumbani kwa sababu Mama alikuwa amekasirika.

Nilisema sitaki kwa sababu ya miwili. Sekondari ni miaka minne. Nikija kwa miwili, naanza, nazoea, halafu tunahama katikati kama siku zote. Bweni ni hivyo hivyo, ukihamishwa na mimi naondolewa. Na hata tukibaki hapa, wewe ungerudi, ukapelekwa kwingine, tukakufuata. Nimeshasoma shule tano, Baba. Kila nikianza kujua nani anachekesha na nani anaiba penseli, tunafunga masanduku. Nyinyi mnasema nimezoea. Sijazoea. Nimechoka tu kujieleza kwa watu wapya, ndiyo maana siku hizi nanyamaza.

Sasa wewe umeandika minne kwa hasira, na Mama ameisoma kwa hasira, mimi nikawa nawashangaa. Minne ni kidato cha kwanza mpaka cha nne. Yaani nitaanza na kumaliza pale pale? Kwa Mama Kengele? Usiwaambie Wizara kwamba nimefurahi, wasije wakabadilisha.

Nina ombi moja. Sare zangu zote tumezigawa zikiwa mpya. Mama hunishonea ile inayonikaa sawasawa, kwa sababu anajua hatutakaa. Wenzangu hushonewa kubwa, mikono inawafunika vidole, wanachekwa mwaka mzima, halafu wanaikulia humo humo. Muulize Mama Kengele rangi ya sare yao, utafute fundi, umwambie anishonee kubwa.

Mwanao,
Kasuku